Altram si kuasili

Nimelikuta tena kosa hili, safari hii katika tafsiri ya historia ya Ayalandi: "watoto wa machifu waliasiliwa na koo nyingine." Hapana, hawakuasiliwa. Walipelekwa kulelewa.

Altram ni desturi ya kale ya Waayalandi ya kumpeleka mtoto akakulie nyumba nyingine, wazazi wake wakiwa hai na wazima, kisha arudi kwao: msichana akifika miaka 14, mvulana 17. Sheria zao za karne ya 7 na ya 8 ziliweka ada ya malezi, na wafafanuzi wake wa baadaye wakataja hata chakula. Watoto wote walikula uji, ila wa mtu wa kawaida ulitiwa siagi ya chumvi, wa bwana siagi mbichi, wa mfalme asali.

Sasa, kuasili kunatokana na asili. Ukimwasili mtoto umempa asili mpya: ni wako, anarithi kwako. Mtoto wa altram asili yake haikuguswa, alibaki wa ukoo wa baba yake. Mzizi wa altram ni al-, yaani kulisha na kukuza, uleule uliomo katika neno la Kilatini alumnus. Na tazama majina yenyewe. Aite, baba mlezi, na muime, mama mlezi, yalikuwa maneno ya mapenzi ambayo mtoto huwaitia baba na mama. Yakahamia kwa walezi, maana ndio waliokuwa wakimnywesha uji kila asubuhi. Mtoto aliyelelewa aliitwa dalta, na leo dalta ni mwanafunzi. Kutokana na aite kukaja oide, mwalimu, na oideachas, elimu. Sisi ambao mwanafunzi wetu ni mwana kwanza hatuna sababu ya kulipotosha hili.

Dalta alidaiwa kuwatunza walezi wake uzeeni. Undugu huo ulikuwa mzito kiasi kwamba mwaka 1366 Sheria za Kilkenny ziliwakataza Waingereza waliokaa Ayalandi kuoana na Waayalandi au kuleleana watoto nao.

Wengine huandika "malezi ya kambo". Ni afadhali, lakini msomaji atadhani nyumbani kulikuwa na tatizo. Sheria ya kisasa ya kuasili ilifika Jamhuri ya Ayalandi mwaka 1952 tu. Kwa hiyo ukikutana na altram, andika kwamba mtoto alipelekwa kulelewa, na umtaje aliyempeleka: mara nyingi ni baba yake mwenyewe.