Je, wajua kwa nini chumba kitupu cha jela hunong'ona kuliko kilichojaa?

Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela ya Waingereza tangu 1895 hadi 1958. Karibu yake ipo Mahakama ya Zamani, iliyojengwa 1902. Ongeza miaka ya 1696 hadi 1698, Waomani walipoizingira ngome na maradhi yakaua watu ndani. Hadithi za majini zikikosa makao hapo, zitakaa wapi? Moja ni ya mnong'ono usio na mwenyewe.

Mjuaji hukimbilia kujibu, "Huo ni mwangwi tu." Sivyo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na sikio hulitambua jibu la ukuta kuwa sauti ya pili likichelewa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Kwenda na kurudi ni mita 34, kwa hiyo ukuta uwe mita 17 mbali nawe. Seli gani ya jela ina nafasi hiyo? Tena mwangwi ni mwaminifu mno: ukiita "Ali!" hukurudishia "Ali!". Haujui kusengenya.

Kinachonong'ona ni mvumo. Katika chumba kidogo chenye kuta nene za mawe, sauti hugonga ukuta, dari na sakafu mara nyingi, na marejeo huja yamebanana. Ni kama mchora hina asiyengoja ua la kwanza likauke, akachora la pili juu yake, kisha la tatu. Mistari yote ipo, lakini ua halisomeki. Kwa sekunde moja mtu hutamka silabi nne au tano. Mvumo ukidumu sekunde hiyo, zote hulaliana. Irabu, zenye nguvu, huzifunika konsonanti dhaifu. Unabaki na sauti ya mtu bila maneno, na ubongo, usiopenda pengo, hujaza wenyewe. Mazungumzo ya mpita njia nje ya dirisha yanatosha.

Sasa ajabu yake: miili, nguo na mikeka hunyonya sauti. Seli iliyojaa wafungwa huvuma kidogo, na ukumbi wa mahakama uliofurika watu vilevile. Wakishaondoka, ndipo kuta huanza maneno.

Wapo wanaotaja sauti nzito zisizosikika kuwa ndizo chanzo cha mambo haya. Mwaka 1998 mhandisi wa Uingereza, Vic Tandy, alieleza kwamba kivuli alichokiona maabarani huenda kilitokana na feni iliyotoa mtikisiko wa karibu mara 19 kwa sekunde. Kisa kitamu, ila ushahidi mwembamba. Watafiti wa London walijenga chumba maalumu cha kuijaribu hoja hiyo, wakachapisha matokeo 2009: watu waliripoti mambo ya ajabu sauti hizo zikiwepo au zisipokuwepo. Walikuwa wameambiwa mapema kwamba huenda wakahisi kitu. Mgeni wa Fort Jesus naye, mara nyingi, huwa keshasimuliwa kabla hajakata tiketi.