Maua ya kuchanua muda mrefu kwa walioko kwenye baridi ya kaskazini

Ukifika mwezi wa Machi, masika yakianza kupiga mabati hapa Dar, simu yangu hujaa ujumbe kutoka Helsinki (Finland), Oslo (Norwe) na Edmonton (Kanada). Ni ndugu zetu waliohamia huko, wengine walikuwa wateja wangu wa miche hapa barabara ya Bagamoyo. Theluji bado imelala kwao, ila ndio wakati wa kupanga bustani. Swali lao halibadiliki: nipande ua gani linalostahimili baridi na kuchanua muda mrefu?

Hayo ni maswali mawili, na mara nyingi majibu yake yanapingana. Chukua peoni, ua kubwa la nchi za baridi linalochipua upya kila mwaka. Mizizi yake inavumilia ardhi iliyoganda miezi kadhaa, na shina moja laweza kuishi miaka 50 na zaidi. Maua yake sasa: wiki moja, siku kumi ukibahatika, na mvua kubwa ikinyesha katikati yote yako chini. Upande wa pili kuna Impatiens walleriana, lile ua laini la kivulini ambalo hapa tunaliona la kawaida mno. Usiku wa kwanza wa jalidi, yaani baridi ya kugandisha umande, linalainika kama mchicha uliochemshwa. Lakini kuanzia Juni mpaka usiku huo halikupumzika hata siku moja.

Tofauti hiyo inatokana na kalenda ya mmea. Helsinki iko nyuzi 60 kaskazini; siku ya Juni ina karibu saa 19 za mwanga, ya Desemba haifiki saa sita. Mimea mingi iliyozaliwa kwenye mazingira hayo hupima urefu wa siku na ubaridi, ikachanua kwa pamoja, ikafunga mbegu, kisha ikashusha chakula mizizini kabla ardhi haijaganda. Ikichelewa inakufa. Hapa Dar siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hazipishani hata saa moja, kwa hiyo mimea mingi ya ukanda wetu haina kengele ya kusubiri. Joto lipo, maji yapo, inachanua. Ipeleke kaskazini wakati wa majira yao ya joto, nayo itaendelea na tabia yake mpaka baridi iiondoe.

Ndiyo maana nawaambia: mimea ya kudumu ikupe umbo la bustani, rangi ya miezi mitatu au minne itoke kwa mimea ya nchi za joto inayopandwa upya kila mwaka. Sehemu kubwa ya hiyo imetoka Afrika. Pelagonia zinazoning'inia kwenye madirisha ya Uswisi asili yake ni Afrika Kusini. Impatiens ni ya Afrika Mashariki kabisa. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka aina yake kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, na mwaka 1882 ikapewa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye wataalamu waliona ni mmea uleule wa walleriana.

Tahadhari moja kuhusu impatiens. Kuna ugonjwa wa ukungu unaotandaza unga mweupe chini ya jani, kisha majani yote yanapukutika, na umezisumbua sana bustani za Ulaya na Marekani. Usinunue mbegu yoyote tu. Ulizia aina zilizozalishwa kuuhimili, kama Beacon au Imara XDR, au panda ile ya New Guinea yenye majani mapana, ambayo ugonjwa huo hauisumbui.

Kwenye mimea ya kudumu pia kuna inayochanua kwa muda mrefu, na hapa ndipo napenda kukaa. Mmea ukishafunga mbegu, kwake kazi imekwisha. Chotara tasa hafungi mbegu, kwa hiyo anaendelea kujaribu. Mfano mzuri ni Geranium 'Rozanne', ua la buluu lililogunduliwa kwenye bustani moja Somerset, Uingereza, mwaka 1989: linaanza Juni na kufika mpaka jalidi. Ningekuwa na nafasi ya mmea mmoja tu kule, ningechagua hilo bila kufikiri mara mbili. Nepeta × faassenii, mmea mfupi wa maua ya zambarau-buluu, nayo ni tasa. Ukiikata nusu baada ya wimbi la kwanza la maua inarudi tena. Hydrangea paniculata, kichaka chenye vishada vya maua, si tasa, lakini inachanua kwenye matawi ya mwaka huohuo, hivyo baridi hata ikichoma ncha za matawi ya zamani hujapoteza maua. Zile hydrangea za buluu zenye majani makubwa hubeba matumba yao tangu mwaka uliopita, na ndizo zinazowaliza watu.

Kwa mimea ya kawaida, isiyo tasa, mkasi ndio dawa. Kata kila ua lililonyauka kabla halijafunga mbegu. Na mbolea ya naitrojeni punguza. Majani yatanenepa, maua utayatafuta.

Kabla ya kununua mmea wowote wa kudumu, tafuta kanda ya baridi ya mji wako, yaani kipimo cha ukali wa baridi yake, maana "Kanada" si jibu: Toronto na Edmonton ni dunia mbili. Angalia pia sheria. Finland imepiga marufuku waridi la Rosa rugosa kwa sababu lilivamia fukwe, hata kama jirani bado analo. Na tafadhali, mama asikufungie kipande cha bogenvilia kwenye sanduku la nguo. Mimea inahitaji cheti cha afya ya mimea, na uwanja wa ndege watakinyang'anya.

Mbegu za impatiens zioteshwe ndani, wiki nane hadi kumi kabla ya jalidi la mwisho. Zinataka mwanga na joto la nyuzi 21 hadi 24, kwa hiyo usizifunike kwa udongo, zibonyeze tu juu. Kusini mwa Finland hiyo ni katikati au mwisho wa Machi, na miche inatoka nje Juni ikianza, baada ya wiki moja ya kuizoesha mchana nje, usiku ndani.

Oktoba ikifika, hamia dirishani na saintpaulia, ua dogo la chunguni, mwenyeji wa misitu ya Usambara, ambayo mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892. Iweke mbali na kioo chenyewe, iongezee taa kwa kuwa mwanga wa Desemba hautoshi, na imwagilie maji ya uvuguvugu kutoka chini ya chungu. Maji baridi yakigusa majani yanaacha madoa yasiyofutika.