Mdororo hutangazwa ukiwa umeshafika

Biashara zikianza kulala na habari za watu kupunguzwa kazini zikianza kusikika, swali huwa lile lile: tumeingia kwenye mdororo wa uchumi, yaani kipindi uchumi unaposinyaa, au bado? Kazi yangu ni kuchambua bajeti za serikali, kwa hiyo watu hudhani jibu ninalo mfukoni. Sina. Hata wanaolipwa kulijibu huchelewa. Kule Marekani, kamati ya wanauchumi wa NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi, ndiyo hutamka mdororo umeanza lini na umekwisha lini. Ule ulioanza Desemba 2007 waliutangaza tarehe 1 Desemba 2008, mwaka mzima baadaye. Benki kubwa ya Lehman Brothers ilikuwa imeshafilisika, na watu walikuwa wamepoteza kazi na nyumba bila kusubiri tangazo la kamati.

Kipimo kinachotajwa sana kwenye taarifa za habari, yaani Pato la Taifa kushuka kwa robo mbili za mwaka mfululizo, ni cha harakaharaka tu. Takwimu zenyewe hutoka zimechelewa, kisha husahihishwa tena na tena. Mimi huanza na ajira. Mwaka 2019 mchumi Claudia Sahm alipendekeza kanuni nyepesi: chukua wastani wa miezi mitatu wa kiwango cha ukosefu wa ajira, ukipanda kwa 0.5 juu ya wastani wa chini kabisa wa miezi 12 iliyotangulia, tuseme kutoka asilimia 4.0 hadi 4.5, hesabu kwamba mdororo umeshaanza. Kwenye nchi ambako wengi wamejiajiri wenyewe, kanuni hiyo haisaidii sana, kwa sababu mtu hafukuzwi kazi, anauza kidogo tu. Huko ni afadhali kuangalia makusanyo ya kodi ya mauzo na mikopo isiyolipika.

Hofu ya wananchi si ujinga, ila ina madhara yake. Ukiogopa kesho, unaahirisha kununua. Na ulichoacha kununua ni mshahara wa mtu mwingine. Mwenye kiwanda naye anaona oda zimepungua, anasimamisha ajira, na waliokuwa hawaogopi nao wanaanza kuogopa. Kila mmoja amefanya la busara, na wote kwa pamoja wamezama.

Ndiyo maana sikubaliani na kauli inayopendwa kuliko zote wakati wa mdororo: wananchi wamefunga mkanda, na serikali nayo ifunge. Inapendeza masikioni. Lakini familia ikibana matumizi, kipato chake hakipungui kwa kubana huko. Serikali ikibana, inapunguza vipato vya watu wale wale inaowatoza kodi. Ujerumani ya Kansela Brüning ilipandisha kodi na kukata mishahara ya watumishi kuanzia 1930, uchumi ukiwa tayari unaporomoka. Mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walipita milioni 6. Ugiriki, iliyolazimika kubana baada ya 2010, ilipoteza takriban robo ya uchumi wake, na deni likilinganishwa na Pato la Taifa likazidi kupanda, jambo ambalo kubana kulikusudiwa kulizuia.

Basi serikali imwage fedha? Subiri kwanza. Kwenye bajeti, kasi hunishughulisha kuliko ukubwa. Wanasiasa hupenda barabara na madaraja, maana yanazinduliwa na kupigwa picha. Shida ni kwamba mradi una usanifu, zabuni, fidia na kesi mahakamani, na fedha hufika mdororo umeshapita. Rais Obama wa Marekani mwenyewe alikiri mwaka 2010 kwamba miradi iliyo tayari kuanza mara moja haikuwapo kama ilivyodhaniwa. Ukilinganisha, Uingereza ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 17.5 hadi 15 tarehe 1 Desemba 2008, na siku hiyo hiyo ikaanza kufanya kazi madukani. Ujerumani nayo ilikuwa na utaratibu uliokwishaandikwa kwenye sheria: kampuni inapunguza saa za kazi badala ya wafanyakazi, na serikali inafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Mwaka 2009 uchumi wake ulishuka kwa zaidi ya asilimia 5, ila ukosefu wa ajira ulipanda kidogo sana.

Neno muhimu hapo ni sheria iliyokuwapo kabla. Sahm hakubuni kanuni yake ili kutabiri; alitaka ikifikia kiwango, malipo kwa kaya yaanze yenyewe, bila kusubiri bunge libishane.

Kuna mipaka, na hapa baadhi ya wenzangu hupita kimya. Nchi inayokopa kwa fedha yake ina nafasi ambayo nchi yenye madeni ya dola haina. Hii ya pili ikipanua nakisi, yaani pengo kati ya matumizi na mapato, ghafla, sarafu inaweza kuanguka, na deni linavimba bila kuongezwa hata senti. Kinga yake hujengwa miaka ya neema, kwa akiba ya fedha za kigeni na madeni machache. Tena kama mdororo umeletwa na upungufu wa bidhaa, mfano mafuta mwaka 1973, kumpa kila mtu fedha huchochea bei tu. Hapo msaada uelekezwe kwa wenye kipato cha chini.

Na kuacha kutoa msaada nako kuna wakati wake. Mwaka 1937 serikali ya Rais Roosevelt wa Marekani iliona uchumi umeinuka, ikapunguza matumizi; Benki Kuu nayo ikawa imeyabana mabenki. Kufikia 1938 ukosefu wa ajira ulikuwa umepanda tena kutoka takriban asilimia 14 hadi 19. Ndiyo maana ninaposoma mpango wa kunusuru uchumi, jumla ya fedha huwa naiacha kwanza. Natafuta kifungu kinachosema malipo yataanza kwa kigezo gani, na kingine kinachosema yatakoma kwa kigezo gani. Tarehe tupu ya kalenda siihesabu kuwa kigezo.