Je, wajua kwa nini afya ya mto hupimwa kwa kugeuza mawe?

Ingia kijitoni, maji yakufike magotini, inama uinue jiwe la ukubwa wa ngumi mbili. Ligeuze upesi. Kama uko mlimani, juu ya mashamba na nyumba, utaona vitu vikikimbia. Kuna kidudu bapa kama punje ya dengu kinachoteleza kwenda upande wenye kivuli, na kijumba cha mchanga kisichozidi ukucha, kimegandishwa kwenye jiwe na mwenyewe yumo ndani. Mwingine, mwenye mikia miwili, anatambaa taratibu kama asiye na haraka ya kufika.

Sasa shuka mpaka chini ya soko, kupita pale pikipiki zinapooshwa. Jiwe la huko linateleza kwa ukungu wa kijani na harufu yake si nzuri. Chini yake kuna funza wekundu, wembamba kama uzi, na ruba mmoja. Basi.

Wanakijiji wanaojitolea kuangalia mto wao wakipewa mafunzo, mara nyingi somo huanzia hapo, kwenye mawe mawili ya kijito kimoja. Chupa na kemikali huja baadaye, au zisije kabisa. Mtu wa kawaida atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama unataka kujua hali ya maji, si uyapime maji? Wadudu wa nini?

Jibu ni kwamba maji ni mpita njia na mdudu ni mkaazi. Mtu akimwaga uchafu mtoni saa nane usiku, wewe ukaja kuchota saa tatu asubuhi, maji yaliyobeba uchafu ule yameshafika mbali. Chupa yako itatoka safi, nawe utaapa kwamba mto hauna neno. Lakini mdudu wa chini ya jiwe alikuwepo saa nane. Wengi wao hukaa majini miezi kadhaa, wengine mwaka mzima, kabla ya kuota mabawa na kuruka. Kila kilichopita mtoni kimempitia yeye. Akiwepo, maana yake alivumilia yote. Akikosekana mahali alipopaswa kuwepo, kuna jambo.

Jambo lenyewe mara nyingi ni oksijeni. Maji hayabebi nyingi: lita moja yenye joto la nyuzi 20, usawa wa bahari, hushika miligramu 9 hivi, na joto likifika nyuzi 30 hushuka hadi 7 na nusu. Ukikata miti ya ukingoni umeondoa kivuli, maji yamepata joto, na oksijeni imepungua kabla hata hujatupa taka. Ukiongeza maji ya choo au kinyesi cha ng'ombe, bakteria wanaokula uchafu huo nao wanapumua, tena kwa pupa. Yule wa mikia miwili ndiye wa kwanza kushindwa. Funza wekundu hubaki kwa sababu wana himoglobini, kitu kilekile kinachoifanya damu yetu iwe nyekundu, kinachowawezesha kunyakua hata oksijeni kidogo iliyobaki topeni. Wekundu wao ndiyo pumzi yao.

Wazo hili si geni. Wajerumani Richard Kolkwitz na Maximilian Marsson waliandika mwaka 1908 na 1909 jinsi viumbe wa mtoni wanavyoonyesha kiwango cha uchafu. Afrika Kusini ilitengeneza mfumo wake wa kuipa mito alama kwa kuangalia wadudu, unaoitwa SASS, na toleo lake la tano likatoka mwaka 2002. Kwetu Tanzania upo TARISS, uliochapishwa mwaka 2015 na Lulu Kaaya pamoja na Jenny Day na Helen Dallas, ukiwa umetokana na huo wa kusini lakini ukapimwa kwenye mito ya hapa. Hiyo ni mifumo ya wataalamu: lazima ujue familia makumi kadhaa za wadudu, na hakuna mkulima mwenye muda huo. Ndipo wenzetu wa Afrika Kusini walipoufupisha wa kwao ukawa miniSASS, wenye makundi 13 tu. Mtoto wa shule anaweza kuumudu.

Mafunzo yake ya awali yanaingia katika siku moja. Vifaa ni wavu mdogo wenye fremu (waya na kipande cha chandarua cheupe vinatosha), beseni jeupe, na karatasi yenye picha. Unasimama ukiangalia maji yanakoelekea, unatega wavu mbele ya miguu yako upande wa chini, unachakura mawe na mchanga kwa mguu ili mkondo uwasukume wadudu ndani. Halafu unahamia kwenye majani ya ukingoni. Dakika tano hivi. Unamwaga vilivyonaswa ndani ya beseni, unaweka maji kidogo, unasubiri. Hapa kuna jambo ambalo hakuna karatasi inayolifundisha vizuri: kusubiri. Dakika ya kwanza utaona takataka na majani tu. Dakika ya tatu, jani moja linaanza kutembea.

Kila kundi lina alama zake. Wenye mikia miwili, kilele cha wote, wana 17. Wale bapa wa mikia mitatu, pamoja na jamaa zao wengi, 11. Wajenga vijumba, 9. Kaa na uduvi 6, na watoto wa kereng'ende 6. Konokono 4. Minyoo, ruba na funza wa jamii ya inzi, 2. Ukimwona mmoja au ukiona mia, alama ni zilezile. Mwishoni unajumlisha na kugawanya kwa idadi ya makundi uliyopata.

Tuseme kule juu mlimani umepata kaa, minyoo, vile vidudu bapa, mtoto wa kereng'ende na mjenga kijumba. Jumla 34, makundi 5, wastani 6.8. Kule chini ya soko umepata minyoo, ruba, funza na konokono: jumla 10, makundi 4, wastani 2.5. Kwenye kijito cha mawe, wastani unaokaribia 7 ni habari njema. Ukishuka chini ya 5, mto unaumwa sana.

Kwa nini wastani, wala si jumla? Kwa sababu mtu mwenye bidii atachakura nusu saa na kupata makundi mengi, na mvivu atachakura dakika mbili. Jumla ingesifia bidii ya mchakuraji badala ya afya ya mto. Wastani hauyumbi sana kwa hilo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya werevu zaidi katika mpango mzima, ingawa wakufunzi wengi huipita mbio.

Makosa yapo, na ndiyo sababu ya kuwa na mafunzo badala ya kugawa karatasi tu. Kosa kubwa ni mikia. Watu hukariri kwamba mikia miwili ni alama 17, mitatu ni 11, wakaenda zao. Lakini wapo wa kundi la mikia mitatu ambao wana miwili, na wapo waliovunjika mkia wavuni. Mtu akikosea hapo mto mgonjwa unapewa cheti cha afya. Kwa hiyo unafundishwa kuangalia miguu kwa kioo cha kukuzia: mwenye alama 17 ana kucha mbili kila mguu, mwingine ana moja. Pia mashavu ya kupumulia: wa mikia mitatu anayo pembeni mwa tumbo, kama majani madogo yanayopepea, ilhali wa miwili huwa nayo kama vishungi kwapani.

Mengine ni nidhamu. Nenda mahali palepale kila safari. Usiende mara baada ya mafuriko, kwa kuwa maji makali yamewafagia wote, wema na wabaya. Ukikuta mto mtupu, andika kwamba ni mtupu, usirudi nyumbani na daftari jeupe. Andika tarehe. Vaa mabuti ya mpira, maana konokono wa maji yaliyotulia wanaweza kubeba kichocho, na mahali penye mamba au kiboko usiingie kabisa. Hakuna alama 17 inayolingana na mguu wako.

Lakini alama peke yake inasema tu kwamba mto unaumwa, haisemi nani kauumiza. Mpophomeni, kitongoji kilicho karibu na Howick katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, palikuwa na tatizo la maji taka: mashimo ya bomba la maji machafu yaliziba na kufurika, uchafu ukateremka kuelekea bwawa la Midmar, ambalo watu wanalitegemea kwa maji ya kunywa. Wakazi waliojitolea, wanaojulikana kama Enviro-Champs, wakaanza kuyatembelea mashimo hayo mtaa kwa mtaa, wakirekodi lipi linafurika na kutoa taarifa kwa wahusika. Wakapita pia nyumba kwa nyumba kueleza kwamba matambara na taka ngumu ndivyo vinavyoziba bomba. Walioujua mtaa ndio waliojua shimo lipi hufurika, na nyuma ya nyumba gani. Mtaalamu kutoka mjini angeanza kwa kuuliza njia.

Huku kwetu tumeona ugomvi unavyokuwa watu wasipokubaliana juu ya kilichotokea. Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania, yaligeuka meusi na samaki wakaelea. Kamati iliyoundwa na serikali ikatangaza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo. Watu wengi walicheka, wengine wakakasirika, kwani macho yao yalikuwa yanaitazama migodi. Kisayansi, kinyesi kuua samaki si kichekesho: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwenye mto huohuo, upande wa Kenya, kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000 kikisombwa na mvua kutoka madimbwini humaliza oksijeni na kuua samaki. Sitaamua ugomvi wa 2022 hapa. Ninachosema ni kwamba siku samaki wanapoelea, kila mtu ana kauli yake, na hakuna kifaa kinachoweza kwenda kupima mwezi uliopita. Daftari la mwalimu na wanafunzi wake, lenye alama za kila miezi mitatu katika sehemu nne za mto, ndilo lingeweza kusema mto ulianza kuugua lini na kuanzia daraja gani. Daftari la namna hiyo halianzishwi siku ya msiba.

Nalo lina pa kupelekwa. Tanzania imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, kila moja na bodi yake, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Kenya nayo ina vyama vya aina hiyo. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, na mtu mwenye rekodi ya alama zinazoshuka pale shamba lilipofika majini husikilizwa tofauti na anayelalamika kwa mdomo.

Kuna jambo moja ambalo kila mkufunzi anapaswa kulisema kabla watu hawajatawanyika, na wengine hulisahau. Wadudu hawakuambii kama maji yanafaa kunywewa. Karibu na Arusha uko mto wa Maji ya Chai, wenye floridi nyingi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watu wa eneo lile ndiyo ushahidi, si mawe ya mtoni. Na mto wenye alama nzuri kabisa unaweza kuwa na vimelea vya kuhara, kwa sababu mbuzi mmoja aliyejisaidia juu kidogo hawezi kumfukuza mdudu lakini anaweza kumlaza mtoto.

Kwa hilo la vimelea kuna kipimo kingine rahisi, kilichobuniwa India mwaka 1982: chupa ndogo yenye karatasi iliyolowekwa dawa. Unajaza maji, unafunga, unaiacha rafuni siku moja au mbili mahali penye joto la kawaida. Ikigeuka nyeusi, maji yale yachemshwe, hata kama chini ya mawe yake wamejaa wenye mikia miwili.