Hisa Zinazotikiswa na Uvumi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaonunua hisa jijini Kampala huamini kwamba bei ikishuka baada ya maneno mabaya kusambaa kwenye simu, basi maneno hayo yamethibitika. Sivyo. Katika Soko la Hisa la Uganda, lililoanza biashara mwaka 1998, zipo hisa zinazoweza kukaa siku kadhaa bila kupata mnunuzi. Tuseme wanunuzi waliopo ni wawili tu: mmoja anataka hisa 300 kwa shilingi 100, mwingine hisa 1,000 kwa shilingi 92. Mtu aliyesoma ujumbe wa usiku akaamka na hofu, akamwagiza dalali auze hisa zake 500 kwa bei yoyote, atapata shilingi 100 kwa hisa 300 na shilingi 92 kwa zile 200 zilizosalia. Bei imeshuka kwa asilimia 8, na kesho yake tarakimu hiyo itasambazwa kama ushahidi, ilhali hesabu za kampuni hazijaguswa hata kidogo.

Kuna pia dhana iliyo kinyume, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoumiza zaidi, kwamba kila anayeikosoa hisa ametumwa. Aliyesema kwamba Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme nchini Uganda kwa mkataba na serikali, ingepoteza biashara yake kuu hakuwa mzushi, bali alikuwa amesoma mkataba huo: ulikuwa wa miaka 20, nao ulimalizika tarehe 31 Machi 2025. Serikali iliilipa fidia ya takriban dola milioni 118, kampuni ikadai inastahili zaidi, na mzozo ukapelekwa kwa wasuluhishi London. Baada ya hapo, aliyenunua hisa hiyo alikuwa akibahatisha zaidi juu ya uamuzi wao kuliko juu ya nguzo na nyaya.

Kimya cha kampuni nacho si kukiri kosa. Kanuni huitaka itangaze mambo mazito yanayoweza kubadili bei, si kujibu kila tetesi.

Na si kila mporomoko una siri. Daftari la wanahisa likishafungwa kwa ajili ya gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, mnunuzi mpya hana haki ya gawio hilo, hivyo ni kawaida kwake kutoa bei ya chini. Siku hiyohiyo hakosekani mtu wa kutangaza kwamba wakubwa wameanza kukimbia.