Krismasi kijijini Ufaransa: neno "tukifika tutajipanga" sasa life

Kila Septemba simu zinaanza hapa ofisini ninapokata tiketi za safari. Wateja wengi wanaotaka kwenda Krismasi Ufaransa hawaendi Paris. Wana dada aliyeolewa Périgord, mashambani kusini-magharibi mwa nchi, au wamepanga nyumba ya mawe karibu na mto Lot wakae wiki mbili na watoto. Nafurahi nao. Kisha nauliza, "Gari mmeshakodi?" Jibu ni lile lile: "Tukifika tutajipanga."

Anayesema hivyo anakiona kijiji cha Ufaransa kama cha kwetu, kwamba ukishuka kwenye basi kuna bodaboda, na duka la Mangi liko wazi mpaka saa nne usiku. Huko hakuna. Treni inakushusha stesheni ndogo kama Gourdon au Souillac, na nyumba yako iko kilomita 15 mbele, katikati ya misitu ya mialoni. Teksi ni za kuwekewa miadi mapema, na mara nyingi dereva ndiye huyo huyo anayewapeleka wagonjwa hospitali. Usiku wa mkesha naye yuko mezani na familia yake. Teksi za kuita kwa programu ya simu, zile za mjini, sahau.

Familia moja niliyoikatia tiketi ilishuka huko saa moja usiku, tarehe 24, na watoto watatu na masanduku manne. Stesheni imefungwa. Dar es Salaam ilikuwa saa tatu waliponipigia. Mwenye nyumba aliacha chakula chake cha mkesha akawafuata kwa safari mbili, maana hawakuenea kwenye gari. Walipofika, jokofu tupu.

Tarehe 24 maduka makubwa hufunga mapema. Tarehe 25 karibu kila kitu kimefungwa. Baadhi ya waokaji hufungua asubuhi, lakini mikate mingi imeshaagizwa. Tarehe 26 ni siku ya kazi, isipokuwa Alsace na Moselle, mashariki mwa nchi, ambako ni sikukuu. Hata hivyo bucha na duka la mkate la kijijini huwa na siku yake ya kupumzika, mara nyingi Jumatatu. Mwaka 2022 Krismasi iliangukia Jumapili. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo nasisitiza, na sitachoka: lala mjini tarehe 22, chukua gari asubuhi ya 23, nunua chakula cha siku nne, ndipo uingie kijijini. Ingia mchana, kwa sababu kufikia saa kumi na moja na nusu jioni jua limeshazama na barabara zile hazina taa. Beba na kibali cha kimataifa cha udereva, kwani leseni isiyoandikwa kwa Kifaransa hutakiwa iambatane nacho au na tafsiri rasmi. Na usingoje Novemba. Likizo ya Krismasi ya shule huanza siku moja nchi nzima, tofauti na ile ya Februari ambayo kanda hupokezana, hivyo treni na magari huisha.

"Watoto wataona theluji." Kwenye mabonde ya mito Dordogne na Lot, Desemba ni mvua na ukungu, theluji ni nadra. Mnaoitaka pandeni Alps au Pyrénées. Huko, tangu Novemba 2021, magari kwenye maeneo ya milima yaliyotajwa na sheria lazima yawe na tairi za baridi au minyororo, kuanzia Novemba mosi hadi Machi 31. Mwambie anayekukodishia unakokwenda. Mimi ningebaki bondeni, niende soko la kijiji cha Lalbenque siku ya Jumanne kuona wakulima wakiuza uyoga mweusi wa chini ya ardhi vikapuni.

"Tunafikia kwa dada, karatasi za nini?" Za viza. Dada ndiye anayetakiwa kwenda ofisi ya meya kuomba hati ya kukupokea, na hulipiwa stempu ya euro 30. Ofisi ya meya ya kijiji kidogo hufunguliwa saa chache tu kwa wiki. Aanze mapema. Bima ya matibabu ya angalau euro 30,000 iko palepale.

La mwisho linanitia hofu: "Baridi ikizidi tutawasha mkaa ndani." Msithubutu. Nyumba za mawe ni baridi kweli, na wengine huziba hata matundu ya hewa ukutani kwa nguo. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Jiko la kuni la nyumba lina bomba lake la moshi. Mwombeni mwenye nyumba awaonyeshe linavyowashwa, na muulize kama kuni zimo kwenye kodi. Mkianza kuumwa kichwa nyote kwa pamoja, fungueni madirisha, tokeni nje, pigeni 112, namba ya dharura.