Je, wajua kwa nini muuguzi huwa wa mwisho kujua kwamba akili yake imeelemewa?

Wengi huamini mhudumu wa afya atajigundua mapema kuliko sisi. Amesomea dalili, madaktari ndio wenzake, na akiwa Dodoma, Hospitali ya Mirembe ya magonjwa ya akili, iliyoanza mwaka 1927, iko mjini humo humo. Imani hiyo si sahihi. Kuitambua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa mgonjwa aliye kitandani ni jambo moja, kuiona ndani yako wakati wa janga kama la UVIKO-19 ni jingine kabisa. Tena elimu yenyewe huweza kumfumba macho, maana kila dalili anaipatia sababu: hapati usingizi kwa kuwa ana zamu za usiku, hali chakula kwa kuwa anashinda ndani ya barakoa, amechoka kwa kuwa wodi imejaa. Sababu zote ni za kweli, na hapo ndipo zinapompoteza.

Kuna na mazoea. Mpishi aliyewasha kuni tangu alfajiri hausikii moshi. Uliongezeka kidogo kidogo, macho yakazoea. Anayekohoa ni mgeni anayefungua mlango. Wiki hii usingizi unapungua, wiki ijayo hamu ya kupiga soga inakwisha, na kila hali mpya inageuka kuwa ya kawaida. Kwenye wodi mambo ni magumu zaidi, kwani wote wamo jikoni humo. Muuguzi akiwatazama wenzake anaona nao macho ni mekundu, anajihesabu mzima.

Mwanzoni mwa 2020, uchunguzi wa wahudumu 1,257 katika hospitali 34 za China ulikuta nusu yao wana dalili za sonona. Hizo ni dalili walizojieleza wenyewe kwenye dodoso, si ugonjwa uliothibitishwa na daktari, na haifai kuzihamishia Dodoma kama zilivyo.

Kinachofaa kutazamwa ni mtu kuachana na alivyokuwa. Yule aliyekuwa akiandika taarifa ya zamu kwa kirefu, sasa kila mgonjwa ni “anaendelea vizuri”. Mwingine anarudi kukagua dripu ile ile mara tatu. Dalili moja haitoshi. Ila ikidumu wiki mbili, na siku za mapumziko zisimrudishie chochote, huo si uchovu wa kupuuza.

Njia fupi ya kuanzia ni maswali mawili kuhusu wiki mbili zilizopita: ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo, na ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa? Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3, linafuata dodoso la maswali tisa. Kwa maoni yangu, maswali haya yasiulizwe na bosi anayejaza tathmini ya kazi. Yaulizwe na mwenzake anayeaminika, faraghani. Mjini Dodoma kuambiwa “umetoka Mirembe” bado ni tusi, na hofu ya kuonekana getini inawafungia wengi ndani.

Swali la tisa la dodoso hilo linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote zaidi ya “hapana kabisa” halingoji jumla ya alama: mtu huyo haachwi peke yake, na anaonana na mtaalamu siku hiyo hiyo.